Kioo cha kujitazamia: kipi ununue, kipi ukiache dukani

Kabla hujauliza bei, simama mbele ya kioo na usijitazame. Tazama nondo za dirisha au fremu ya mlango iliyo nyuma yako, kisha sogeza kichwa taratibu kulia na kushoto. Nondo zikibaki zimenyooka, kioo ni bapa kweli. Zikicheza kama ziko ndani ya maji, kiache hapo hapo hata kama fremu yake ina nakshi za kuvutia. Mwanga hugonga kioo na kuondoka kwa pembe ileile uliyojia, kwa hiyo penye wimbi kidogo pembe hubadilika. Ndiyo sababu kuna vioo vinavyomnenepesha mtu kiuno.

Kisha gusa kioo kwa ncha ya kucha. Kati ya kucha na taswira yake utaona mwanya, na kadiri mwanya ulivyo mpana ndivyo glasi ilivyo nene. Kinachorudisha mwanga hasa ni utando mwembamba wa madini uliopakwa mgongoni, na huo ndio unaoununua.

Nafasi ya kwanza naipa kioo cha fedha cha milimita 5. Fedha yenyewe hurudisha takriban asilimia 95 ya mwanga tunaouona, na rangi ya ngozi au ya kitenge inabaki ilivyo. Kuipaka kwenye glasi kwa kemikali ni njia iliyotokana na kazi ya Mjerumani Justus von Liebig mwaka 1835. Adui yake ni unyevu. Sisi wa Dar, Tanga, Mombasa na Unguja tunaujua ule weusi unaoanzia ukingoni na kutambaa kuelekea katikati. Kioo changu cha kwanza cha bafuni kiliota weusi kwenye kona ya chini kabla ya mwaka kuisha. Nilipokishusha nikakuta rangi ya mgongo imekwaruzika na ukingo uko uchi. Kwa hiyo omba kigeuzwe, ukague mgongo wote. Fundi akishakata, asage kingo na kuzipaka rangi. Akitaka kukigandisha ukutani, nusa silikoni yake: yenye harufu ya siki ina asidi inayokula mgongo wa kioo. Mwambie alete isiyo na asidi, na aache upenyo wa hewa kwa nyuma.

Cha pili ni cha aluminiamu, milimita 4. Aluminiamu hurudisha karibu asilimia 90, na kwa kuchana nywele hutaona upungufu wowote wa maana. Kama pesa hazijatosha kununua cha fedha, chukua hiki kwa amani. Cha milimita 3 kinafaa kwa kunyolea ndevu tu, maana kikiwa kikubwa hupinda kwa uzito wake.

Akriliki, yaani kioo cha plastiki, naiweka ya tatu, na kwenye chumba cha watoto naipandisha hadi ya kwanza, kwani haivunjiki kwa urahisi na kuwa vipande vinavyokata. Ila hupinda ikiachwa bila ubao nyuma, na kitambaa kikavu chenye vumbi kinaichuna.

Stika za kioo za kubandika ukutani sizishauri kwa kujitazamia. Zinafuata kila kibonyeo cha plasta.

Kuhusu ukubwa, wengi wanalipia zaidi ya wanachohitaji. Ili ujione utosini hadi unyayoni unahitaji nusu tu ya urefu wako, usimame karibu au mbali. Mtu wa sentimita 170 anatosheka na kioo cha 85, mradi ukingo wa juu uwe katikati ya macho na utosi.

Kama shida yako ni giza sebuleni, anza na rangi nyeupe isiyong'aa. Ukuta huo husambaza mwanga kila upande, wakati kioo huupeleka upande mmoja tu. Kioo kitasaidia kikikaa mahali ambapo mwanga wa dirisha unakifikia na kuelekezwa kwenye kona yenye giza. Pima kabla ya kutoboa ukuta: mtu ashike kioo kidogo pale unapotaka kukitundika, wewe simama kwenye kona hiyo. Ukiliona dirisha ndani yake, toboa.