King Kong bila mayowe: muziki wa 1933 ulivyopigwa upya Moscow

Kwenye CD hii ya muziki wa filamu ya King Kong, anza na kipande cha meli kwenye ukungu, kile kinachofuata baada ya ufunguzi. Ufunguzi wenyewe utausikia tu, maana una kelele za kutosha. Hiki cha ukungu ndicho kitakachokwambia kama hela yako imeenda pazuri. Kinubi kinarudia noti zake chache, taratibu, bila haraka ya kufika popote. Nyuzi nzito zimetulia chini yake. Kisha, kwa mbali, ngoma. Kwenye filamu mabaharia wanajiuliza kama wanachosikia ni mawimbi yanayopasukia mwambani, mpaka inatambulika kuwa ni ngoma. Hapa hakuna anayeongea. Ngoma inaingia ndani ya okestra kwa upole kiasi kwamba huwezi kusema imeanza sekunde ipi. Nimekaa na spika karibu na sikio nikijaribu kuikamata, wapi!

Ninayoizungumzia ni muziki wa King Kong ya mwaka 1933, ile ya picha nyeusi na nyeupe, uliotungwa na Max Steiner. Umepigwa upya na Moscow Symphony Orchestra chini ya kondakta William Stromberg. Walirekodi Moscow mwaka 1996, lebo ya Marco Polo ikautoa, na baadaye Naxos wakautoa tena kwa bei ambayo mtu wa kawaida anaweza kuifikiria. Hiyo ya Naxos ndiyo niliyonayo. Shemeji yangu anayeishi Leipzig aliniletea alipokuja Krismasi, naye kwa sababu ya jina aliamini ananiletea muziki wa katuni za watoto.

Mimi napiga tuba, ala ya shaba yenye sauti nzito kabisa, kwenye kundi la matarumbeta la usharika wetu hapa Moshi. Natangulia kusema hivyo ili ujue masikio yangu yamelalia upande gani: okestra naisikiliza kuanzia chini. Na muziki huu umejengwa kuanzia chini. Kong mwenyewe, yule sokwe mkubwa wa filamu, ni noti tatu zinazoshuka, nusu hatua kwa nusu hatua, zikibebwa na ala nzito za shaba. Basi, ni hizo tu. Mwanafunzi wa Kipaimara angeweza kuzipiga wiki yake ya kwanza ya kushika tromboni. Lakini kwa zaidi ya dakika 70 Steiner anazigeuza geuza noti hizo mpaka unasahau ni tatu: mara zinatoka kwa kifua kizima, mara zimejificha chini ya klarineti, mara zinakimbizwa. Hata wimbo wa Ann, mwanamke anayependwa na Kong, ule wa mwendo wa waltz (densi ya mapigo matatu) wenye fidla laini, unaanza kwa kushuka vivyo hivyo. Ndiyo maana mwishoni, baada ya yote yaliyotokea juu ya Empire State Building, lile ghorofa refu la New York, nyimbo hizo mbili zinakaa pamoja bila kugombana. Zilikuwa ndugu tangu mwanzo, sisi ndio hatukuambiwa.

Nimeiona filamu yenyewe mara nyingi, na nakiri kwamba nusu ya hayo sikuwahi kuyasikia. Si rahisi. Kazi yote ya Steiner ilitufikia ikiwa imebanwa kwenye ukanda wa sauti wa filamu pamoja na ngurumo, risasi na mayowe ya Fay Wray, aliyeigiza Ann. Mayowe yale, jamani. Mama yule alikuwa na pumzi ambayo ningependa wapiga tarumbeta wangu wawe nayo. Fundi wa sauti, Murray Spivack, alijitahidi kulinganisha milio yake na okestra ili visikanyagane. Mngurumo wa Kong aliupata kwa kurekodi simba na chui milia, akapunguza kasi, mwingine akaupiga kinyumenyume. Alifanya kazi ya kiungwana. Hata hivyo, mara nyingi unachopata ni vumbi la sauti, na okestra iko humo ndani inahangaika.

Cha ajabu ni kwamba muziki huu nusura usiwepo kabisa. Filamu zenye sauti zilikuwa bado changa, na wakubwa wengi wa Hollywood waliona kuweka muziki chini ya maneno ni kumchanganya mtazamaji: atauliza okestra imejificha wapi katikati ya bahari. RKO, studio iliyotengeneza filamu hii, walikuwa na hali mbaya ya fedha. Steiner aliambiwa achukue muziki uliokwisha kurekodiwa kwa filamu nyingine, achomeke. Mtayarishaji Merian C. Cooper ndiye aliyemwambia atunge mpya, gharama atazibeba yeye. Inatajwa kuwa zilitumika dola 50,000, pesa za kutisha enzi zile, na wapigaji 46, baadhi yao wakibadilisha ala katikati ya kazi. Steiner, mzaliwa wa Vienna aliyekuwa ameongoza okestra za maonyesho ya jukwaani New York kwa miaka mingi, akaandika muziki unaoifuata picha unyayo kwa unyayo. Chifu wa kisiwa akitembea kuwaendea wageni, kila hatua yake ina pigo lake.

Aliyeufufua ni John Morgan. Steiner alikuwa akiandika rasimu kwa penseli: mistari michache ya noti, majina ya ala yamekatwa katwa pembeni, kisha mpangaji wa ala anakuja kuifungua iwe okestra kamili. Mwaka 1933 kazi hiyo alikuwa nayo Bernhard Kaun. Morgan alirudi kwenye rasimu za Steiner akajenga upya kurasa za okestra nzima, ala kwa ala. Kama hujawahi kupanga noti kwa ajili ya watu wengine utaona ni kunakili tu. Mimi niliwahi kupanga utenzi mmoja wa kanisani kwa ala saba, beti nne, na ukanila jioni nyingi: ukimpa huyu noti tamu, yule wa katikati anabaki na noti moja hadi mwisho anasinzia. Sasa fikiria zaidi ya saa nzima ya sokwe, mijusi wakubwa na ndege za kivita. Kabla yake, mwaka 1976, Fred Steiner (hana undugu na Max) aliongoza National Philharmonic ya London kwenye santuri ya muziki huu, lakini ile ilichukua sehemu tu. Hii ya Moscow inakupa safari nzima.

Sasa tuje kwenye ngoma ya kafara, ile wanayocheza watu wa kisiwa cha Kong wanapomtolea sadaka ya mtu.

Kama umeona King Kong ya Peter Jackson ya mwaka 2005, unaujua muziki huu bila kujua kwamba unaujua: pale Kong anapoonyeshwa ukumbini New York, okestra ya ukumbi inapiga Steiner wa 1933. Kwenye CD ndicho kipande chenye fujo kuliko vyote, na mimi hucheka kila nikikisikia. Kisiwa kinasemekana kiko pande za Sumatra, wakazi wake wanaigizwa na Wamarekani weusi wakiongozwa na Noble Johnson, na ngoma yao imeandikwa na bwana wa Vienna. Matokeo yake ngoma zote zinagonga neno moja kwa wakati mmoja. Hakuna anayeitikia, hakuna anayechomekea, hakuna anayemchokoza mwenzake. Mwambie mpiga ngoma yeyote wa huku kwetu akae hapo, baada ya dakika moja atauliza wenzake wako wapi. Jinsi filamu inavyowaonyesha watu wa kisiwani ni dharau tupu, na sina nia ya kuipaka rangi. Ila ukiondoa picha, ukabaki na shaba za Moscow zikishindana na ngoma hizo za kubuni, unakuta Steiner alijua sana namna ya kupandisha presha: anaongeza safu, anarudi nyuma kidogo, anaongeza tena, na kila ukidhani amefika bado ana ngazi nyingine.

Niliwapigia wenzangu kipande hicho baada ya mazoezi ya Jumamosi. Kijana wetu wa tromboni ya pili alisikiliza mpaka mwisho, mikono kifuani, kisha akaniuliza, “Mwalimu, hawa jamaa wanapumua saa ngapi?” Nikamwambia wanapokezana. Hakuniamini, akaomba nirudishe. Swali lake ndiyo sifa kubwa ninayoweza kuwapa wapigaji wa Moscow, kwa sababu kwenye filamu huwezi hata kufikia hatua ya kuliuliza.

Vipande vya msituni ni vingi na vinafanana kidogo. Ukivisikiliza mfululizo bila picha utachoka, nami huwa naruka baadhi. Kile cha gogo, ambapo Kong anawatikisa mabaharia mpaka wanaanguka korongoni, usikiruke. Kile cha baharini usiku ni kifupi na kitamu. Halafu kuna machi ya ukumbini, ya mbwembwe na furaha ya bandia, iliyoandikwa kwa ajili ya matajiri waliovaa suti wakaja kuangalia mnyama aliyefungwa minyororo. Hapo Steiner yuko nyumbani kwake kabisa, mtu wa jukwaa. Machi hiyo ningeipanga kwa matarumbeta kesho asubuhi kama mchungaji asingeuliza imetoka wapi.

Kasoro zipo. Chumba walichorekodia kina mwangwi kuliko ninavyopenda, na pale shaba na nyuzi zinapogongana, ala za katikati zinapotea. Okestra hii pia ni nono. Ile ya 1933, ndogo na yenye haraka, ilikuwa na ukali fulani wa watu wanaokimbizana na saa. Moscow wana nyuzi nyingi, nzuri, za kujinyoosha, na kwenye sehemu za kukimbia mara nyingine nasikia watu wanaosoma noti vizuri badala ya watu wanaokimbia. Wimbo wa Ann umefaidika na unono huo. Wa Kong mara chache umepoteza meno.

Kuna jambo jingine ambalo si kosa la yeyote, ila lijue kabla hujasikiliza mwisho. Kwenye filamu, ndege zinapoanza kumshambulia Kong pale juu, Steiner ananyamaza. Unasikia injini na bunduki tu. Okestra inarudi Kong akiwa ameshaumia, na kurudi huko kunauma kwa sababu ya ukimya uliotangulia. CD haiwezi kukupa ukimya huo. Kipande cha ndege kinaisha, cha mwisho kinaingia, na kama hujaiona filamu utashangaa kwa nini huzuni imeingia ghafla hivyo. Nilichofanya mimi ni kubonyeza kitufe cha kusimamisha kati ya vipande hivyo viwili, nikahesabu kichwani, nikaachia tena. Ni ujinga kidogo, lakini inasaidia.

Kuhusu kuipata: CD ya Naxos haiuzwi madukani kwetu, labda umwagize mtu anayesafiri, kama mimi. Mtandaoni ipo na inasikika vizuri, ila ukitumia huduma za bure tangazo la mikopo linaweza kukuingilia katikati ya ngoma ya kafara. Faida ya kuwa na CD ni kwamba vipande vinafuatana bila kukatwa. Usiisikilize kwa spika ya simu. Simu inakula besi zote, na bila besi zile noti tatu za Kong zinabaki kama mbu dirishani. Redio ya kawaida ya sebuleni yenye spika mbili inatosha kabisa. Ukiwa na majirani wa ukuta mmoja, ngoma ya kafara ipigwe mchana.