Pointi za afya za kiunganishi cha PI: zinasema mengi, ila ujue pa kuzisoma

Viunganishi vya PI ni programu zinazosoma data ya vifaa vya kiwandani na kuipeleka kwenye seva ya PI inayotunza historia yake. Vile vilivyojengwa juu ya UniInt, msingi wao wa pamoja uliotengenezwa na OSIsoft, kampuni ambayo AVEVA iliinunua mwaka 2021, huja na vipimo vya kujichunguza vyenyewe, yaani pointi za afya. Ni vizuri sana, na vinastahili kutumiwa kuliko vinavyotumiwa. Kuviwasha ni kazi ndogo: fungua ICU (programu ya kusanidi viunganishi), chagua kiunganishi, ingia UniInt kisha Health Points, bofya kulia, unda. Tabu iko kwenye kuvisoma.

Mtego mkubwa ni UI_DEVSTAT, pointi ya hali ya kifaa. Mambo yakiwa shwari huandika "Good", na wengi huweka kengele hapo tu. Kompyuta ya kiunganishi ikizimika ghafla, hakuna wa kuandika neno jingine. Seva itaendelea kuonyesha "Good" ileile hata kwa siku tatu. Kengele ya kweli iwekwe kwenye UI_HEARTBEAT, pigo linalohesabu 1 hadi 15 kisha kurudi 1. Hapo usiangalie namba, angalia umri wa muhuri wake wa wakati, na hesabu hiyo ifanyike upande wa seva. Pigo hufuata kundi la skani (pointi zinazosomwa pamoja kwa kasi moja) lenye kasi kuliko yote: kundi hilo likiwa chini ya sekunde 1, pigo hutoka kila sekunde, likizidi sekunde 60, hutoka kila sekunde 60. Kwa hiyo kikomo cha kengele kisiwe kimoja kwa viunganishi vyote.

Pigo likinyamaza, usikimbilie kuwasha upya. Penye bafa (hifadhi ya muda ya data inayosubiri kutumwa), mtandao ukikatika pigo hujipanga foleni pamoja na data, na seva huona kimya kitupu. Mtandao ukirudi, foleni humiminika na historia haina pengo. Ukiwasha upya kiunganishi kabla ya kukagua foleni ya bafa kwenye kompyuta yake, wewe ndiye utakayeleta pengo, kwa zile dakika ambazo hakikuwa kinasoma chochote.

Kilicho bora kuliko vyote ni vipimo viwili vya muda, UI_SCINSCANTIME na UI_SCINDEVSCANTIME. Cha kwanza ni milisekunde za skani nzima. Cha pili ni sehemu yake iliyotumika kusoma kifaa. Tuseme kundi la sekunde 5 linatumia milisekunde 4,800. Kama 4,700 kati yake ni za kifaa, tatizo liko kwa PLC (kompyuta inayoendesha mitambo) au seva ya OPC (programu inayogawa data ya vifaa): pointi nyingi mno au kifaa kimelemewa. Kama za kifaa ni 300 tu, muda unapotea kwenye kupeleka data, na hapo kagua bafa na mtandao. Hesabu hiyo moja ya kutoa inamaliza ubishi wa muda mrefu kati ya watu wa mitambo na watu wa mtandao.

UI_SCSKIPPED, idadi ya skani zilizorukwa, ikizidi kupanda, makundi huenda yanagongana. Kasi ya kila kundi huwekwa kwa /f kwenye mipangilio ya kiunganishi. /f=00:00:05 na /f=00:00:10 hukutana kila sekunde ya kumi; andika la pili /f=00:00:10,00:00:02 ili lianze sekunde mbili baadaye. Usipachike /f mpya katikati ya zilizopo. Kundi hutambuliwa kwa nafasi yake, nayo Location4, sifa mojawapo ya kila pointi, inataja namba hiyo, kwa hiyo pointi za makundi yote yanayofuata zitahamia kasi isiyo yake bila onyo lolote.

Tagi (yaani pointi) ya I/O rate, inayosajiliwa kwenye faili la iorates.dat, haifai kwa kengele za haraka. Ni wastani wa dakika 10 wa thamani zinazotumwa kwa dakika. Isitoshe, kiwanda kikisimama kwa matengenezo thamani hazibadiliki, kichujio kinachopitisha mabadiliko tu huzizuia, na kiwango kinashuka bila hitilafu yoyote. Itumie kuona mwenendo wa wiki. Kifaa kimoja kikipotea huku vingine vinaendelea, UI_SCBVRATE, inayohesabu thamani mbovu za kundi, itakwambia mapema zaidi.

Lawama yetu ni kwa asilimia ya skani zilizokosa wakati: huandikwa kwenye logi, na kwa kawaida kila baada ya saa 8. Ni mbali mno kwa mfumo wenye matatizo. Weka /perf=1 (yaani kila saa 1) kwa muda wa uchunguzi, kisha uirudishe.