Seti ya tangi na samaki beta niliyouziwa Mtwara: wamemzibia hewa

Bado nina hasira, mnisamehe. Duka liko hapahapa Mtwara mjini, jina silitaji. Niliuziwa seti nzima: tangi dogo la kioo, pampu ya hewa, kifuniko na beta dume wa buluu iliyokolea. Fundi wao akaja kwangu Shangani kulifunga. Akajaza maji hadi ukingoni, eti lipendeze, akabana kifuniko juu yake pasibaki upenyo wowote. Akaenda zake.

Samaki akaanza kuhangaika. Anapanda, anagonga mdomo kwenye kifuniko, anashuka, anapanda tena. Beta hategemei matamvua peke yake kama changu au kibua. Juu ya matamvua, ndani ya kichwa, ana kiungo cha kuvutia hewa tunayovuta sisi, ndiyo maana kwao Thailand anaishi kwenye majaruba ya mpunga na maji yaliyotuama. Lazima apande juu agugumie hewa. Ukimzuia anakufa maji, na ni samaki!

Nikampigia muuzaji. "Dada, pampu si inatoa mapovu? Hewa ndiyo hiyo." Nikamweleza taratibu. Akacheka. "Samaki anapumua maji, dada. Kama kumfuga kunakushinda, nenda Feri kanunue vibua ukaange." Akakata simu. Nimelipa fedha taslimu, halafu najibiwa hivyo!

Nikachota maji mwenyewe mpaka pakabaki nafasi ya vidole vinne. Kifuniko nikakirudisha, maana beta anaruka. Akapanda, akagugumia, akatulia palepale. Pampu nayo nikaizima, mkondo wake ulikuwa unamburura na mapezi yake marefu kona hadi kona.

Kwa haki kabisa, tangi halivuji na kioo kinaonyesha vizuri. Ningesema seti si mbaya, tatizo ni ufungaji. Na samaki mwenyewe, jamani! Akiona kivuli chake kwenye kioo anavimba, anatanua matamvua, anafukuza, tangi lote ni himaya yake. Baadaye akajenga kiota cha mapovu juu ya maji. Kwa beta dume ndiye mlezi: mayai yakidondoka anayaokota kwa mdomo na kuyarudisha kwenye povu. Wangu hana jike lakini kiota anakilinda vilevile. Nilimpenda mpaka nikawa tayari kuwasamehe wale watu.

Halafu nikarudi kununua chakula chake. Rafu imejaa chupa, kila beta na yake, kwa sababu wanajua vizuri kwamba madume mawili yakikutana yanararuana na wao ndio watakaopata hasara. Hilo wanalijua! Lakini maji yamefika shingoni mwa chupa na vizibo vimekazwa. Thailand walimtangaza huyu kuwa kiumbe wa majini wa taifa mwaka 2019, hapa anakaziwa kizibo. Nikasema tena. Muuzaji akawageukia wenzake: "Dada wa hewa huyo kaja."

Basi nafuta kauli yangu. Seti ni mbaya, kwa sababu anayeiuza ndiye anayeifunga. Msinunue pale. Na kama unayo tayari nyumbani, usimsubiri fundi wao: fungua kifuniko sasa hivi, chota maji, muache samaki apate hewa.