Sheria ya Ohm: waya mkononi au kompyuta?

Walimu wa fizikia hubishana sana: sheria hii, inayoeleza uhusiano wa volti na mkondo wa umeme, ifundishwe kwa vifaa halisi au kwa majaribio ya kompyuta? PhET, programu ya bure ya majaribio ya kompyuta kutoka Chuo Kikuu cha Colorado, haimalizi betri za maabara, na majaribio yake mengi ukishayapakua yanafanya kazi bila intaneti. Ila umeme ukikatika, projekta inazima na kipindi kimekwenda.

Vifaa halisi vina gharama: betri huisha, na ammita (kipima mkondo) huungua mwanafunzi akiiunga sambamba na betri. Lakini ni hapo ndipo anapoelewa! Kwenye skrini hahisi waya ukipata moto, wala hahangaiki na klipu iliyolegea.

Kidato cha nne wanaosubiri mtihani wa vitendo, mimi nawapa waya. Una wanafunzi 80 na ammita mbili? Anza na skrini, kisha waite mezani kwa zamu.