Sanaa ya kugusa, tukaambiwa tusiguse: yaliyonikuta Kigoma

Siku kadhaa zimepita na hasira haijaisha, bora niandike.

Hapa mwisho wa reli kililetwa kioo kikubwa cha ukutani kilichounganishwa na intaneti. Kiingilio shilingi 3,000. Unachora mstari kwa kidole, na mtu aliye mbali, humjui wala hakujui, anaupokea na kuuendeleza. Bila kidole chako hakuna kitu pale, ni ukuta unaowaka tu.

Tumeingia watu kama ishirini, mhudumu, kijana mmoja, akatupanga nyuma ya kamba. "Angalieni tu, msishike, mtaharibu." Anachora yeye, maduara na maduara, sisi tunatazama mgongo wake.

Bibi mmoja wa Ujiji, kaja na mjukuu wake, akainama taratibu chini ya kamba, akanyoosha kidole. Yule kijana akamkemea: "We bibi! Toa mkono!" Hata shikamoo hakuna. Mtu wa umri wa kumzaa mama yake! Bibi akarudisha mkono ndani ya kanga, akanyamaza. Mjukuu akainamisha kichwa. Niliona aibu kama vile nimesema mimi.

Sanaa ya namna hii haina mtazamaji wa kukaa pembeni. Mwaka 1995 kule Marekani, Ken Goldberg na wenzake walianzisha bustani iliyoitwa Telegarden: popote ulipo unaingia kwenye intaneti, unauongoza mkono wa roboti, unapanda mbegu, unamwagilia. Ikahamishiwa Linz, Austria, ikadumu mpaka 2004. Watu walihangaikia miche ambayo wasingeigusa maishani! Mwaka 2017 ikaja Place, ubao mmoja wa wote wa kuchorea kwenye mtandao wa Reddit: unaweka nukta moja, unasubiri dakika kadhaa, ndipo unaweka nyingine. Kwa saa 72 walishiriki watu zaidi ya milioni moja. Wapo waliofuta za wenzao, wapo waliolinda vipicha vyao kwa zamu. Ule ugomvi na ule ulinzi ndio kazi yenyewe. Ukimzuia mtu kugusa, umemuuzia sufuria tupu.

Nilishaamua: nyota moja kati ya tano, na nitamkataza kila mtu asiende.

Mara yule kijana akatoka kupokea simu. Dada wa tiketi akaja kutoka mlangoni, akainua kamba. "Shikamoo bibi. Karibu, chora."

Bibi akachora mstari uliopinda, mtumbwi. Juu yake akagonga kidole, nukta, nukta, nukta: karabai za wavuvi wa dagaa, kama unavyoziona usiku ukisimama Kibirizi. Kidole kilitetemeka, mtumbwi nao ukatetemeka, ukazidi kupendeza, maji si ndivyo yalivyo? Netiweki ikazunguka, ikazunguka. Ukumbi kimya. Halafu chini ya mtumbwi mstari wa mtu mwingine ukaanza kutambaa: mawimbi. Na chini ya kila nukta akashusha kijimstari, mwanga unaokatika majini. Alijua ni taa! Akina mama wakapiga vigelegele.

"Nani huyo?" bibi akauliza.

"Hatumjui, bibi."

"Huyo kwao kuna ziwa."

Mhudumu akarudi, akabonyeza, vyote vikafutika. "Muda umekwisha." Hata picha hatujapiga!

Sasa nitoe nyota ngapi? Kazi yenyewe ni tano, sibishani na mtu. Yule kijana simpi hata moja. Nilisema nitawakataza, basi nendeni, ila muulizieni dada wa tiketi. Nikikumbuka ule "toa mkono", nashuka mpaka tatu. Nikikumbuka taa zile majini, napanda tena. Andikeni nne.

Juzi nimekutana na yule mjukuu sokoni Mwanga. Anasema bibi kila asubuhi anamuuliza kama yule mwenzake wa mbali amechora tena.