Blanketi la kupasha joto mtungi wa nosi, Mtwara hii ya jua?

Nimeishi na hasira hii tangu kabla korosho hazijaanza kuingia maghalani. Kuna gereji hapa Mtwara mjini, jina silitaji, inayofunga nosi kwenye magari madogo, ile gesi ya nitrous oxide ya kuongeza nguvu ya injini. Niliwapelekea Altezza yangu. Watu wananiuliza kama niwaelekeze huko, na jibu langu ni hapana. Hapana kabisa. Ingawa nikifungua boneti nikaangalia kazi yenyewe, ulimi unakuwa mzito kidogo.

Sababu ya hapana ni blanketi. Fundi alinifungia kwenye mtungi lile blanketi la umeme la kupasha joto, akalitoza pesa, akasema bila hilo seti haijakamilika. Blanketi lile limetengenezwa kwa ajili ya watu wa baridi, ambao mtungi wao asubuhi umepoa mpaka presha imeshuka na gesi haitoki inavyotakiwa. Nosi inataka psi (kipimo cha presha) 900 mpaka 1,000 hivi ndani ya mtungi ifanye kazi vizuri. Sasa mtungi ukiwa na joto la nyuzi 30 tu, tayari umeshavuka psi 900. Nyuzi 30 Mtwara ni kivulini! Tunapasha joto nini?

Nilimuuliza. Nikamuuliza na jambo la pili lililokuwa linanikera zaidi: bomba la kutolea gesi nje liko wapi? Kwenye valvu ya mtungi kuna kisahani cha usalama kinachopasuka presha ikizidi sana, takriban psi 3,000, ili mtungi wenyewe usipasuke. Mtungi ukikaa ndani ya buti, pale kwenye kisahani panafungwa bomba linalopita kwenye sakafu na kutokea chini ya gari, gesi imwagike nje. Kwangu hakukuwa na bomba. Tundu lilikuwa linaangalia mgongo wa siti ya nyuma, wanapokaa wanangu.

Hakuinua hata macho kutoka kwenye simu. "Dogo, umekuja kufunga gari au kunifundisha kazi?" Vijana wake wakacheka. Dogo! Mimi mtu mzima, baba wa watoto wawili, nimesimama na pesa yangu mkononi, nimemwita fundi kwa heshima tangu nilipoingia getini. Kule kwetu hata mtoto akiuliza kitu cha kweli anajibiwa.

Sasa sikilizeni kilichofuata. Tulikuwa tunatoka Lindi, familia nzima, jua kali. Njia nzima mpaka Mikindani blanketi lilikuwa linachemsha mtungi muda wote, kwa sababu waya wake ulitoka kwenye rilei ya swichi ya funguo moja kwa moja. Gari likiwaka, blanketi nalo linawaka. Swichi ya presha, ile ambayo inalizima lenyewe mtungi ukishafika kwenye psi 1,000, haikufungwa. Nosi ikishapita nyuzi 36 na nukta kadhaa haibaki kimiminika tena, na mtungi uliojazwa vizuri presha yake inapanda kwa kasi ya ajabu. Valvu nilikuwa nimeifunga, lakini hilo halizuii presha kupanda ndani.

Tulisimama Mikindani. Mke wangu na watoto walishuka kununua pweza. Nikasikia mlio, wakadhani tairi la lori limepasuka, na wakati huohuo gari likajaa ukungu mweupe mpaka vioo havionekani. Nosi inachemka kwenye nyuzi 88 chini ya sifuri. Zulia la buti liliganda. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, inakaa chini, inafukuza hewa ya kuvuta. Wanangu walikuwa wamekaa pale muda mfupi tu kabla. Nikiandika hapa mikono inanitetemeka.

Kisahani kilifanya kazi yake, nakishukuru. Kilichokosekana ni bomba la kutoa ile gesi nje, kitu cha bei ndogo tu.

Nilirudi gerejini. Unajua alinijibu nini? "Jua la Mtwara hilo, mlalamikie Mungu." Hakutamka pole. Hakuuliza kama kuna aliyeumia. Jua la Mtwara amelikuta hapa na atakufa aliache hapa. Fundi wa hapa anatakiwa alijue kabla hajashika spana.

Haya, haki yake nimpe, maana sitaki kumsingizia mtu. Upande wa injini kazi ni safi. Nosi haiungui yenyewe. Ikifika kwenye joto la silinda inavunjika na kuachia oksijeni, na oksijeni ikiongezeka lazima petroli nayo iongezeke, la sivyo pistoni zinayeyuka. Alinifungia aina inayopuliza gesi pamoja na petroli yake, akapima presha ya pampu ya mafuta kwanza, akaweka plagi za baridi zaidi, yaani zinazotoa joto haraka, akarudisha nyuma taimingi, ule wakati wa plagi kurusha cheche, akachagua jeti (kitundu kinachopima gesi) ndogo kabisa kwa sababu injini yangu, 3S-GE, ina mgandamizo mkubwa tangu kiwandani. Swichi ya aksileta inafanya kazi pale tu mguu unapofika mwisho. Waya zimepangwa vizuri kuliko gari lolote nililowahi kuliona mjini hapa. Kwa injini peke yake ningesema nendeni.

Lakini huyu anajua! Ndicho kinachonichoma. Mtu anayejua kurudisha taimingi hawezi kuniambia hajui bomba la usalama. Alijua, akaona pistoni zangu zina thamani kuliko vifua vya watoto wangu. Kwa hiyo hapana, msiende, hata kwa injini.

Kijana wake mmoja alinifuata mpaka getini. "Shikamoo kaka, samahani sana. Ile siku nilimwambia." Kijana huyo akifungua gereji yake, hata chini ya mwembe, nampelekea gari.

Bomba nimefungiwa na fundi mwingine, linapita sakafuni na kutokea nyuma ya tairi. Blanketi nimeling'oa, na geji mchana inasoma zaidi ya psi 900 bila msaada wa mtu. Blanketi nilimrudishia lilivyo, na waya zake. Pesa yake mpaka leo hajanipa.