Kikokotoo cha umbali kati ya miji: kilomita nazikubali, saa nahesabu mwenyewe

Kazi yangu ni kuwapangia watu safari, kwa hiyo kikokotoo hiki cha mtandaoni nakifungua karibu kila siku. Unaandika mji unaotoka na unaokwenda, kinakupa kilomita za angani, za barabarani, na muda wa kila njia. Ni cha bure na kinafunguka hata intaneti ikisuasua.

Kwenye kilomita sina malalamiko. Za angani hupimwa kwa kufuata mviringo wa dunia, na London hadi New York zinakuja takriban 5,570, kama inavyotakiwa. Ila ninachokipenda zaidi ni kulinganisha namba hizo mbili. Chukua Buenos Aires na Montevideo, miji mikuu ya Argentina na Uruguay: angani ni kilomita 200 na ushei, barabarani karibu 600. Katikati kuna mdomo mpana wa mto Río de la Plata, na gari hulazimika kupanda kaskazini hadi kwenye daraja la mto Uruguay ndipo lianze kushuka upande wa pili. Nikiona pengo kama hilo najua kuna maji au milima, naanza kutafuta kivuko. Hapo feri zipo na abiria wengi huzitumia, lakini kikokotoo hakizitaji kabisa.

Kwenye muda ndipo kinapoangusha watu. Muda wa ndege kinaupata kwa kugawa kilomita kwa kasi ya 800 kwa saa, basi. Kwa hiyo Buenos Aires hadi Montevideo kinasema dakika 15! Ndege hutembea ardhini hadi kwenye njia ya kurukia, hupaa, hupanda taratibu, na muda si mrefu huanza kushuka. Ratiba za safari hiyo hutenga karibu saa nzima. London na New York nako kinatoa saa 7 kwenda na saa 7 kurudi. Juu huko kuna upepo mkali uvumao kutoka magharibi kwenda mashariki, hivyo anayeelekea New York hukaa angani kama saa 8, na anayerudi hufika mapema zaidi.

Mteja akiniletea saa hizo, namwongezea saa tatu za ndege: kuwahi uwanjani, ukaguzi, kusubiri mizigo na usafiri wa kuingia mjini. Ndiyo maana kwa miji iliyo kilomita 300 hivi kwa barabara nzuri, mara nyingi namshauri apande basi au treni.

Upande wa gari kuna sehemu ya kubadilisha kasi, nayo imenisaidia sana. Iliyowekwa ni 100 kwa saa. Mimi huishusha hadi 70, na kama kuna mpaka wa nchi njiani nauhesabia peke yake.

Nakipa nyota tatu kati ya tano. Wakiweka feri, na wakaonyesha kama kuna ndege ya moja kwa moja au ni ya kuunganisha, nitaongeza ya nne.